Endometriosi Bunia: Dawa Ipo Chini ya Jina Jingine

Mwanamke wa Bunia, mashariki mwa Kongo, anayeumwa tumbo la chini kila mwezi huwa na njia tatu. Ya kwanza ni duka la dawa la mtaani, ambako vidonge vya maumivu vinauzwa kwa kuhesabu, viwili au vinne, kulingana na faranga alizonazo. Ya pili ni kituo cha afya, ambako mara nyingi hutoka na cheti cha dawa za kuua vijidudu. Ya tatu ni majani na mizizi, aliyopewa na shangazi au aliyoinunua sokoni. Siku hizi njia hiyo ya tatu imepanuka. Kupitia simu, msichana wa mtaa wa Mudzi Pela anaona matangazo yaleyale anayoyaona msichana wa Lyon au Nairobi: krimu ya projesteroni "ya asili", vidonge vya kiazi cha porini, chai za "kusawazisha homoni". Ujumbe wa matangazo hayo unavutia kwa sababu ni mwepesi: mwili umepungukiwa na homoni yake, urudishieni homoni ya asili, achaneni na kemikali za hospitali.

Je, homoni za asili zinatibu endometriosi? Nitajibu kwa urefu, lakini msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa ugonjwa huu asili ya dawa haina uzito mkubwa. Kinachopaswa kuulizwa ni kama kiasi chake kinajulikana na kama imejaribiwa kwa wagonjwa. Ajabu ya Bunia ni kwamba homoni iliyotimiza masharti hayo mawili imo mjini tayari, isipokuwa inatolewa kwa jina la uzazi wa mpango, na wengi wanaoihitaji hawathubutu kuiomba.

Ugonjwa wenyewe kwanza. Tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota pasipo pake: juu ya ovari, kwenye mirija, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo na kibofu, na mara chache hata kifuani. Tishu hizo huitikia homoni za mwezi kama kizazi kinavyoitikia. Huvimba, huvuja damu isiyo na pa kutokea, na kuacha makovu yanayogandisha viungo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unawapata karibu 10% ya wanawake na wasichana wa umri wa kuzaa, yaani watu milioni 190 hivi duniani. John Sampson, daktari wa Marekani, alieleza mwaka 1927 kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kupanda chembe tumboni. Nadharia yake bado inafundishwa, ingawa haielezi kwa nini wanawake wengi damu yao hurudi nyuma hivyo na hawaugui. Lililothibitika ni kwamba estrojeni hulisha tishu hizo na projesteroni huzituliza, na kwamba kwa wagonjwa wengi tishu zimekuwa sugu kwa projesteroni kwa kiasi fulani. Hilo la usugu tulishike, kwa sababu ndipo hesabu ya wauza krimu inapoharibika.

Kabla ya kuwahukumu wanaokimbilia asili, tutazame walichokikimbia. Tabia ya kuita kila maumivu ya nyonga "maambukizi" ina historia ndefu katika sehemu hii ya Kongo. Uchunguzi wa idadi ya watu uliofanywa na utawala wa Kibelgiji miaka ya 1955 hadi 1957, na baadaye kuchambuliwa na Anatole Romaniuk, ulionyesha kuwa kaskazini mwa nchi kulikuwa na ukanda ambako wanawake wengi mno walimaliza umri wa kuzaa bila mtoto. Sababu kubwa ilikuwa magonjwa ya zinaa, hasa kisonono, yaliyoziba mirija. Kisha vikaja vita vya mkoa wetu wa Ituri tangu 1999, pamoja na ubakaji. Muuguzi aliyefundishwa katika mazingira hayo anapoona mwanamke ameshika tumbo, hofu yake ya kwanza ni maambukizi, na simlaumu kwa hofu hiyo.

Tatizo ni jinsi kosa linavyojithibitisha lenyewe. Mwanamke anakuja siku ya pili ya hedhi akiwa amejikunja kwa maumivu. Anaandikiwa dawa za kuua vijidudu za siku saba. Kufika siku ya tano hedhi imekwisha, maumivu yametulia kama ambavyo yangetulia bila dawa yoyote, na dawa imepata sifa. Mwezi unaofuata maumivu yanarudi, naye anaambiwa maambukizi yamerudi, na huenda mume ndiye anayemwambukiza. Hapo ugonjwa wa tumbo unageuka kesi ya ndoa. Ekografia nayo inaweza kuzidisha mkanganyiko: huona uvimbe wenye damu nzito kwenye ovari, lakini madoa madogo yaliyosambaa kwenye utando wa tumbo haiyaoni. Mgonjwa anaonyeshwa karatasi na kuambiwa hana kitu.

Wala kosa hili si la Kongo peke yake. Katika miaka ya 1940 Joe Meigs, bingwa wa upasuaji wa Boston, alihusisha endometriosi na wanawake wenye uwezo wanaochelewa kuzaa, na kutoka hapo vitabu vikaurithi usemi kuwa ni ugonjwa wa wazungu. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari wa Chicago, alichapisha matokeo ya kuwachungulia tumboni kwa kamera wanawake weusi waliokuwa wamepewa jina la maambukizi ya nyonga. Si wachache kati yao waliokuwa na endometriosi. Ni takriban nusu karne sasa, na cheti cha Bunia bado kinasomeka vilevile.

Basi mtu aliyemeza dawa za vijidudu mara nyingi bila kupona ana haki ya kutafuta kwingine. Tatizo linaanzia kwenye kile anachouziwa.

Kisa cha homoni ya asili ni kizuri, na wauzaji hukisimulia nusu tu. Mwaka 1934 Adolf Butenandt na wenzake huko Ujerumani walihitaji ovari za nguruwe 50,000 ili kupata miligramu 20 za projesteroni safi. Homoni ya asili kabisa, isiyopita kiwandani, ilikuwa hiyo, na hakuna hospitali duniani ingeweza kuimudu. Aliyebadilisha mambo ni mkemia Russell Marker, aliyegundua kuwa viazi vikuu vya porini vya Mexico vina diosjenini, kitu ambacho kwa hatua kadhaa za maabara kinaweza kugeuzwa projesteroni. Mwaka 1943 alikuwa na kilo 3 mkononi wakati gramu moja ikiuzwa karibu dola 80. Mwaka uliofuata kampuni ya Syntex ikaanzishwa Mexico City, na ndani ya maabara zake, mwaka 1951, Luis Miramontes, Carl Djerassi na George Rosenkranz wakatengeneza norethisteroni, moja ya dawa zinazotumika hadi leo dhidi ya endometriosi.

Nusu isiyosimuliwa ni hii: hatua za maabara haziwezi kurukwa. Mwili wa binadamu hauna uwezo wa kugeuza diosjenini kuwa projesteroni. Unaweza kula viazi vikuu asubuhi na jioni, na Ituri tunavijua, utashiba vizuri na homoni zako zitabaki zilivyo. Krimu yenye dondoo la kiazi cha porini bila projesteroni iliyotengenezwa ndani yake ni krimu ya ngozi. Na ile yenye projesteroni kweli imepita kiwandani kama vidonge vya uzazi wa mpango vilivyopita, mara nyingi ikianzia kwenye mimea ileile.

Krimu hizo zilipata umaarufu katika miaka ya 1990 kupitia vitabu vya daktari wa Marekani John Lee, aliyehubiri kuwa magonjwa mengi ya wanawake yanatokana na estrojeni kuzidi nguvu. Ukweli kidogo ulikuwemo, kwa kuwa endometriosi kweli hulishwa na estrojeni. Lakini projesteroni inayopita kwenye ngozi huingia kidogo kwenye damu, na ile inayomezwa huvunjwa haraka na ini. Ndiyo maana wakemia walihangaika kuibadilisha umbo. Hawakuichukia asili, walitaka kidonge kidogo kidumu mwilini kwa muda wa kutosha kuzituliza tishu ambazo, kumbuka, zimekuwa sugu. Projesteroni halisi ya kumeza ipo, Utrogestan ikiwa jina linalojulikana zaidi katika nchi zinazotumia Kifaransa, na ina kazi zake nzuri katika ujauzito na ukomo wa hedhi. Kwa maumivu ya endometriosi, utafiti juu yake ni haba ukilinganisha na ule wa norethisteroni, dienojesti au medroksiprojesteroni.

Na hiyo ya mwisho ndiyo inayoturudisha Bunia. Sayana Press ni kifuko kidogo cha plastiki laini chenye sindano fupi. Unakitikisa, unasukuma kifuniko cha sindano kuelekea shingo ya kifuko hadi pengo lizibe, unakivua, unachoma chini ya ngozi ya tumbo au paja, kisha unakibana kifuko kwa vidole viwili polepole hadi kiishe. Ndani yake mna mililita 0.65 zenye miligramu 104 za medroksiprojesteroni, za kutosha miezi mitatu. Ni rahisi kiasi kwamba mwanamke hufundishwa kujichoma mwenyewe. Kinshasa ilianza kuisambaza mwaka 2015 kwa kutumia wanafunzi wa udaktari na uuguzi, na baadaye wahudumu wa jamii wakaibeba mitaani.

Wachache wanajua kuwa dawa hiyohiyo, kwa kipimo hichohicho cha miligramu 104, iliidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa ajili ya maumivu ya endometriosi. Katika majaribio yaliyoilinganisha na leuprolidi, sindano ghali inayozima ovari, ilipunguza maumivu bila kuachwa nyuma, huku mifupa ikidhoofika kidogo kuliko kwa mwenzake. Kwa maneno mengine, tiba ambayo msichana anaitafuta kwenye simu kwa jina la homoni ya asili imewekwa kwenye kabati la kituo cha afya, pale inapokuwepo, ikiwa na kibandiko cha kuzuia mimba.

Kibandiko hicho ndicho kikwazo. Kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014, mwanamke wa Kongo alikuwa na wastani wa watoto 6.6, na ni 8% tu ya wanawake walioolewa waliotumia njia ya kisasa ya uzazi wa mpango. Katika jamii kama hiyo msichana wa miaka 17 akiomba sindano, maneno yanayofuata yanajulikana. "Mwanangu, bado hujaolewa, sindano ya uzazi ya nini?" "Ni kwa ajili ya tumbo, mama." "Tumbo lina dawa yake, hii ni ya wanawake." Anarudi nyumbani na vidonge. Aliyeolewa naye ana kizingiti chake: sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018 inataka wanandoa wote wawili wakubaliane juu ya njia ya uzazi wa mpango, ijapokuwa wasipoelewana neno la mwisho ni la mhusika mwenyewe. Kifungu hicho kinahusu kupanga uzazi. Maumivu ni ugonjwa, na mgonjwa hahitaji sahihi ya mume ili atibiwe. Lakini dawa ikiwa moja kwa mambo yote mawili, nani kituoni atamweleza mume tofauti hiyo?

Upatikanaji wenyewe nao umetikisika. Marekani ilipokata misaada yake mwaka 2025, shehena ya dawa na vifaa vya uzazi wa mpango yenye thamani ya dola milioni 9.7 hivi ilikwama ghalani Geel, Ubelgiji, na Washington ikatangaza kuwa itachomwa moto. Sehemu yake ilikusudiwa Kongo. Katika mjadala ule nilisikia sana habari za mimba na sikusikia hata mara moja habari za maumivu.

Wanaoikimbia sindano hii, hata hivyo, hawakimbii kivuli. Huvuruga hedhi, hasa miezi ya mwanzo, na kwa mwanamke wa kambi ya Kigonze, mwenye hema na maji ya kuchota, matone ya damu yasiyotabirika si jambo dogo. Hupunguza uzito wa mifupa ikitumiwa kwa miaka, na tangu 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani inaonya juu ya kuvuka miaka miwili bila sababu. Ikiachwa, uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, pengine miezi kumi au zaidi. Mwezi Machi 2024 watafiti wa Ufaransa walichapisha katika jarida la BMJ kwamba matumizi ya medroksiprojesteroni ya sindano kwa zaidi ya mwaka mmoja yaliandamana na hatari mara 5.6 ya uvimbe wa utando wa ubongo unaohitaji upasuaji. Uvimbe huo ni nadra, kwa hiyo hata mara tano ya kitu nadra hubaki kitu nadra. Lakini mgonjwa anastahili kuambiwa. Katika utafiti huohuo projesteroni ya asili na dydrogesteroni hazikuonyesha ongezeko hilo. Hapo watetezi wa asili wana hoja, na ningependa waitumie hiyo badala ya kiazi cha porini.

Tukija kwenye majani, nitasema machache. Tangawizi imejaribiwa kwa maumivu ya hedhi ya kawaida na ikaonyesha nafuu, japo majaribio mengi ni madogo. Chupa ya maji ya moto juu ya tumbo husaidia kweli. Kutembea na kunyoosha mwili pia. Uji wa soya ni chakula kizuri, na asiyeupenda hajakosa dawa. Kinachonitisha ni yale yanayoitwa kusafisha kizazi: mizizi inayoingizwa ukeni, au maji ya majani yanayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, desturi iliyoenea mno Kongo. Kwa mtu ambaye utumbo wake umegandishwa na makovu, hiyo ni hatari ya kuchubua, kuchoma na kuleta yale maambukizi ambayo awali hayakuwepo.

Kuna tiba moja ya homoni za asili ambayo kila mama mkwe anaijua: zaa, itaisha. Tusiicheke upesi. Katika miaka ya 1950 Robert Kistner wa Boston alijenga tiba nzima juu ya wazo hilo, akiwapa wagonjwa vidonge kwa dozi kubwa ili mwili udhani una mimba. Na mtafiti Beverly Strassmann, alipohesabu kwa Wadogon wa Mali wanaozaa na kunyonyesha kwa miaka mingi, alikuta mwanamke hupata hedhi kama 100 maishani mwake, wakati mwanamke wa Ulaya au Marekani hufikia 400. Hedhi chache, nafasi chache za ugonjwa kuwaka. Huenda ndiyo sababu bibi zetu hawakuulalamikia kwa sauti. Lakini mimba hutuliza kwa baadhi tu, hutuliza kwa muda, na miongozo ya wataalamu wa uzazi wa Ulaya ya 2022 inakataza waziwazi kumshauri mgonjwa abebe mimba kama dawa. Zaidi ya hayo, ugonjwa huu wenyewe unaweza kuzuia mimba. Kumwambia asiyeshika mimba kwamba atapona akishika ni kumzungusha.

Hapo ndipo penye fundo lisilofunguka kwa homoni yoyote. Sindano, kidonge na kijiti hutuliza maumivu kwa kusimamisha mzunguko, na mzunguko ukisimama hakuna mimba. Mke anayetaka mtoto mwaka huu hawezi kusaidiwa na Sayana, wala na krimu. Yeye anahitaji uchunguzi na labda upasuaji wa matundu kwa kamera. Kongo ya mashariki ilikuwa na milango yake: hospitali ya Panzi ya Bukavu chini ya daktari Denis Mukwege, na HEAL Africa ya Goma. Tangu miji hiyo iangukie mikononi mwa waasi wa M23, Januari na Februari 2025, njia ya kusini imekuwa ya wenye moyo mgumu. Hospitali ya Nyankunde, iliyokuwa fahari ya tiba ya Ituri kabla ya mauaji ya Septemba 2002, haijawahi kurudi ilivyokuwa. Kwa mkaazi wa Bunia mwenye uwezo, kilichobaki ni Kampala: ndege hadi Entebbe, au barabara ya Mahagi, iliyoona mashambulizi mengi, na hospitali ya wanawake ya Mulago iliyofunguliwa 2018.

Upasuaji nao hauahidi kumaliza kila kitu. Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya aliyejulikana kama Jahmby, alikuwa na endometriosi ya kifuani iliyoangusha mapafu yake mara kwa mara. Alifanyiwa upasuaji mwingi, ukiwemo wa Atlanta mwaka 2018, akarudi akausemea ugonjwa huu Afrika Mashariki nzima, na alifariki tarehe 3 Juni 2024 akiwa na miaka 38. Namtaja kwa sababu yeye, akiwa Nairobi yenye hospitali zote, alitumia miaka mingi kabla ya kupata jina sahihi la kinachomuua.

Jina sahihi ndilo Bunia inaweza kuanza nalo, tena kwa gharama ndogo. Mji huu una watu wa kulitaja. Shirika la SOFEPADI, lililoanzishwa hapa mwaka 2000 na Julienne Lusenge na wenzake, lina kituo cha Karibuni Wa Mama, ambako wanawake wamezoea kusema yasiyosemeka kwingine. Huko msituni upande wa Epulu, Wambuti walimwimbia msichana wa hedhi ya kwanza katika sherehe ya elima, bila aibu yoyote. Sisi wa mjini tunamnong'onezea. Miongozo ileile ya 2022 inasema kamera si lazima tena kabla ya kuanza tiba: dalili zikiwa wazi, mgonjwa aanzishiwe homoni na afuatiliwe. Maneno hayo yameandikwa Ulaya, lakini kituo kisicho na kamera ndicho kinachoyahitaji zaidi.

Kwa wakuu wa zone za afya za Bunia na Rwampara, ombi ni hili: waruhusuni wauguzi waandike maumivu ya hedhi kama sababu halali ya kutoa sindano au vidonge vya homoni, kwa aliyeolewa na asiyeolewa, wakieleza na madhara yake. Nawe unayesoma haya huku umeshika tumbo, kabla hujatuma pesa ya krimu, andika kwa miezi miwili au mitatu siku unazoumwa, kama unaumwa ukienda haja kubwa au ukilala na mume, na dawa za vijidudu ulizokwisha kumeza. Peleka karatasi hiyo kituoni na uombe dawa ya maumivu kwa jina lake.